Saa za Chatu

Kwa babu yangu chatu walikuwa na chumba chao, upande wa mashariki wa nyumba, ambako jua la asubuhi hugonga ukuta mapema. Kilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha dogo la wavu, sakafu ya mchanga uliochekechwa, gogo moja la mti wa mtundu, beseni pana la maji, na kwenye kona ya ndani shimo alilolijenga kwa matofali kwa kipimo cha shimo la muhanga. Wageni waliokuja kutoka mjini Tabora waliingia wakiwa wamejikaza, wakatazama kidogo, wakatoka wamekata tamaa. Walitarajia kumwona nyoka mkubwa akitambaa, akipanda ukuta, akifunua kinywa. Wakakuta mwili umejikunja kando ya gogo, hausogei. “Huyu si amekufa?” ndilo swali nililolisikia kuliko yote utotoni mwangu, na babu alilijibu kwa upole uleule kila mara: “Yuko kazini.”

Nyumba ile ilikuwa kwenye njia ya kutoka mjini kwenda Kwihara, njia ya miembe mikubwa ambayo wazee wetu walisema ilitokana na kokwa za misafara. Kwihara ndipo lilipo tembe alilofikia Stanley mwaka 1871, na ndimo Livingstone alimokaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Sisi watoto wa shule tulipelekwa pale kwa mstari, tukaonyeshwa milango na vyumba, tukafundishwa majina ya wageni. Hakuna aliyetuambia kwamba kando ya barabara hiyohiyo palikuwa na elimu nyingine, ya wenyeji, iliyokuwa hai bado, na kwamba mmoja wa walimu wake alikuwa amekaa barazani kwetu akishona kamba ya ngoma.

Babu alikuwa Myeye. Wayeye ni chama cha watu wa nyoka miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma. Wanajua mitishamba, wanawatibu walioumwa, wanakamata nyoka walioingia majumbani, na wanacheza nao ngoma. Habari zao ziliwahi kufika mbali. Mwaka 1926 msafara wa Wamarekani, uliogharimiwa na tajiri wa magari Walter Chrysler, ulikuja Tanganyika kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Mmoja wao, F. G. Carnochan, alivutwa na watu wa nyoka wa Unyamwezi kuliko na hao wanyama, na mwaka 1935 yeye na Hans Christian Adamson wakatoa kitabu, The Empire of the Snakes, ambamo mkubwa wa chama anaitwa Kalola. Mwaka 1946 Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeandika sana juu ya mila za Wasukuma, alichapisha makala kuhusu Buyeye, yaani chama hicho cha Wayeye, cha upande wa Usukumani. Nilivitafuta vyote viwili nikiwa mtu mzima. Wasomaji wengi huvutwa na habari za viapo na za lukago, ile dawa ya kuchanjia. Mimi nilikuwa natafuta jambo dogo zaidi: siku ya nyoka mwenyewe inapitaje, analala saa ngapi, anaamka kwa sababu gani. Hilo nililijua kutoka chumba cha mashariki.

Na nianze na mchanga, kwa sababu bila mchanga nisingejua lolote.

Kila jioni, kabla ya magharibi, kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji, kuondoa kinyesi na kusawazisha mchanga wa chumba kwa ubao mpaka uwe laini kabisa. Babu alisimama mlangoni na fimbo yake yenye kulabu, akimwangalia chatu, si mimi. Asubuhi, baada ya “mwangaluka, guku” na kuitikiwa, tuliingia pamoja kusoma. Ndivyo alivyosema, kusoma. Chatu asiye na haraka husogea moja kwa moja, magamba ya tumbo yakimvuta taratibu, na huacha mfereji mnyoofu, mpana, wenye kingo safi. Akiwa na haraka au hofu hujipinda ubavu kwa ubavu, na mchanga hurushwa pembeni. Mfereji mnyoofu kutoka shimoni hadi kwenye beseni na kurudi ulikuwa habari njema. Mfereji uliozunguka ukutani, ukazunguka tena, na kurudia kona zilezile, huo ulimfanya babu akae kimya akifikiri.

“Ametembea sana usiku,” nilimwambia siku moja kwa furaha, nikidhani ni dalili ya afya.

“Ametembea sana,” akasema. “Sasa tujue anatafuta nini.”

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu. Watu wengi wanaofuga nyoka, na wengi wanaokuja kuwatazama, huhesabu mwendo kuwa uhai na utulivu kuwa uzembe au ugonjwa. Kwa chatu ni karibu kinyume. Huyu ni mwindaji wa kuvizia. Porini hukaa kando ya kipito cha sungura au ndezi, kichwa kikiwa juu ya mkunjo wa mwili, akingoja usiku mzima, kesho yake pia, na wiki nzima ikibidi. Mdomoni mwake kuna vishimo vinavyohisi joto la mwili wa kiumbe kingine gizani. Ulimi unakusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Macho hayana kope za kufumba. Mwili uliotulia una kazi nyingi ndani yake, na ndiyo maana babu hakuwa akifanya mzaha alipowajibu wageni.

Lakini utulivu nao si wa aina moja, na hapa ndipo elimu yake ilipokuwa nzito. Aliyelala akiwa amelegea, mikunjo yake imeachana, amekula au ameota joto la kutosha. Aliyejikusanya ngumu na kuficha kichwa katikati anaogopa au anasikia baridi. Aliyetulia na macho yamekuwa na utando wa buluu karibu kujivua gamba, haoni vizuri, haguswi, hapewi chakula. Na aliyetulia huku kichwa kimeinuliwa na kinywa kimeachama kidogo, pumzi ikikwaruza, huyo ni mgonjwa wa kifua, na mara nyingi chanzo ni baridi. Mtu aliyesimama mlangoni dakika moja ataona kitu kimoja katika hali zote nne: nyoka asiyesogea.

Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo watu wa pwani hawaitegemei. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Hulichukua kwa jua, kwa jiwe, kwa udongo. Kipupwe kilipoingia, chumba cha mashariki kilibadilika kabisa. Mchanga ulikaa laini siku nyingi, maji hayakupungua, na kuku aliyewekwa mbele ya chatu alitembea huku na huko bila kutazamwa. Babu alimwondoa kuku, akangoja. Hakumlazimisha nyoka kula. Alijua kwamba akila kisha mwili ukapoa, chakula kitaoza tumboni kabla ya kusagwa, naye atakitapika na kudhoofika vibaya. Kilichobaki ni kuhakikisha jua la asubuhi linaingia na majani makavu yamo shimoni. Chatu dume peke yao ndio waliovunja ukimya wa miezi hiyo, kwa sababu ndio msimu wa kutafuta majike: hawakula, na bado walizunguka ukuta usiku. Mwezi huohuo, chumba hichohicho, dume anahangaika na jike halisogei, na wote wawili wazima.

Oktoba joto liliporudi, kabla ya mvua za kwanza, mifereji ilirudi mchangani. Hapo ndipo walipolishwa. Mlo mmoja, panya wakubwa au kuku, kisha mlango ukafungwa na sisi watoto tukakatazwa hata kupiga kelele upande ule. Chatu aliyeshiba hutafuta joto na kutulia kwa siku nyingi. Niliposoma baiolojia nilijua ni kwa nini. Stephen Secor na Jared Diamond walichunguza chatu wa Burma katika miaka ya 1990, wakakuta kwamba baada ya mlo mkubwa matumizi ya oksijeni hupanda mara nyingi, hadi mara 40 na zaidi ya kiwango cha mapumziko, na utumbo huongezeka uzito karibu maradufu. Utafiti mwingine wa mwaka 2005 ulieleza misuli ya moyo kukua kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili. Farasi anayekimbia hujulikana kuwa anafanya kazi kubwa. Chatu anayesaga sungura, amelala kando ya gogo bila kupepesa, naye anafanya kazi kubwa, na kumshika wakati huo ni kumvurugia. Babu hakuwa na vipimo hivyo. Alikuwa na macho, mchanga, na kumbukumbu ya waliomtangulia.

Sasa ngoma. Siwezi kuandika juu ya chatu wa Unyamwezi nikaacha ngoma, kwa kuwa wengi hawajawahi kumwona chatu mahali pengine. Hadi leo, ukienda Bujora karibu na Mwanza wakati wa Bulabo, mashindano ya ngoma yanayofuata sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, utaviona vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, na kati ya wachezaji wamo wenye nyoka. Kwetu babu alimbeba chatu katika kilindo, lile pipa la gome la mti ambalo watu walihifadhia nafaka, lenye matundu ya hewa na majani chini. Alimchagua kwa kusoma mchanga. Aliyekula karibuni hakwenda. Mwenye macho ya buluu hakwenda. Jike lililonenepa upande wa mkia halikwenda hata mwaka huo wote. Kilindo hakikuwekwa chini kamwe karibu na ngoma. Kilitundikwa kwenye panda ya mti, mbali na mtikisiko, mpaka zamu yake ifike.

Sababu ni kwamba nyoka hana tundu la sikio, lakini hupokea mtetemo wa ardhi kwa taya lake. Wanasayansi wa Queensland, Australia, walionyesha mwaka 2023 kwamba hata sauti ya hewani huwafikia, na kwamba aina tofauti huitikia tofauti: chatu waliopimwa walielekea kuisogelea sauti, wakati nyoka wenye sumu walielekea kuikwepa. Kwa hiyo chatu aliye katikati ya uwanja wa ngoma anapigwa na mapigo kutoka chini na kutoka juu kwa wakati mmoja. Watazamaji wakimwona anainua kichwa na kusogea hushangilia wakisema anacheza. Hachezi. Anatafuta mahali pa kutulia. Babu alijua hivyo, na mchezo wake wote ulijengwa juu ya ujuzi huo: alimtoa, akamvika mabegani, naye chatu akajifunga kifuani na kiunoni akatulia tuli huku mwanadamu akiruka. Watu walisema, “Tazama anavyompenda.” Nilimuuliza kama ni kweli. Akaniambia, “Ananishika kwa kuwa mimi ni tawi lenye moto. Inatosha. Mimi ndiye ninayempenda.”

Palitokea vijana waliotaka kumchokoa kwa kijiti ili asogee, wapate walichokifuata. Hapo babu alisimamisha ngoma. Nakumbuka uwanja ukinyamaza, wapigaji wameinua mikono, na yeye akimrudisha nyoka kwenye kilindo bila neno la hasira. Mchezo uliisha siku hiyo, na posho ya kikundi ikakatwa. Nyumbani bibi alilalamika, na alikuwa na haki, maana unga ulinunuliwa kwa posho. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kufua magome ya kamba ili auze.

Mafunzo hayo nilikwenda nayo darasani. Nimefundisha baiolojia sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika madarasa makubwa ya shule zetu mwalimu hupenda mkono unaonyooshwa. Mwanafunzi anayeinuka, anayejibu, anayetembea mbele ya ubao, huyo huandikiwa kuwa mchangamfu. Aliye kimya nyuma huandikiwa kuwa mzito. Nilikuwa na binti mmoja asiyesema kitu asubuhi yote, kisha baada ya chakula cha mchana akawa mtu mwingine. Kabla ya kuandika chochote juu yake niliuliza mambo ambayo babu angeuliza: ametoka wapi, saa ngapi, amekula nini. Alitembea kutoka kijiji cha mbali kabla ya alfajiri. Pia nilikuwa na kijana asiyetulia, anayezunguka dawati hadi dawati, ambaye wenzangu walimsifu kwa uchangamfu. Yeye ndiye aliyekuwa na shida nyumbani. Sisemi watoto ni nyoka. Nasema kwamba kiasi cha mwendo, peke yake, hakisomeki. Unahitaji kujua saa, msimu, tumbo na joto la nyumba alimotoka.

Miaka ya karibuni maswali ya wageni wa babu yamenirudia kupitia simu. Mtoto wa kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, na amenunua chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule ambaye akiogopa hujiviringisha akaficha kichwa katikati. Aina hii inatoka Senegal na kuvuka hadi kaskazini magharibi mwa Uganda na Sudan Kusini, na haizidi sana mita moja na nusu. Mamilioni yao wamesafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana tangu miaka ya 1970 kwenda Ulaya, Marekani na Asia, na sasa huzalishwa hukohuko kwa rangi ambazo porini ni nadra au hazipo. Ni nyoka wa Kiafrika, lakini mpwa wangu alikutana naye dukani, chini ya taa.

“Shikamoo shangazi. Huyu nyoka wangu hatembei. Mchana kutwa yuko ndani ya kibanda chake. Anaumwa?”

Nilimuuliza joto la upande mmoja wa sanduku na la upande wa pili. Akasema moja tu, la katikati. Nikamwambia aweke vipimajoto viwili, upande wa moto uwe karibu nyuzi 32, wa ubaridi nyuzi 25 au 26, na thamostati isimamie taa, na kila upande uwe na mahali pa kujificha, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Mchanga wa Kwihara hana, lakini ana simu yenye kamera. Akaielekeza kwenye sanduku usiku. Kesho yake akanitumia picha: saa nne nyoka ametoka, amekunywa, amepita ukuta wote, amekwea tawi, na kabla ya alfajiri amerudi. Mpwa wangu alikuwa akimtazama saa ambazo nyoka hulala, na kulala saa ambazo nyoka huishi.

Siku hizi wafugaji wengi huko nje huwaweka chatu kwenye droo za plastiki zilizopangwa kabatini, kila nyoka na droo yake, kwa hoja kwamba nyoka hapendi nafasi, maana ukimpa nafasi haitumii. Napingana nayo kwa moyo wote. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyoka wa bustani za wanyama, wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja walijinyoosha kabisa au karibu kabisa, ndani ya saa moja tu ya kutazamwa. Nyoka asiyeweza kujinyoosha hatakuonyesha kwamba anataka kujinyoosha. Mchanga wetu ulisema hivyohivyo: mfereji mnyoofu ulihitaji chumba cha kuunyoosha. Kukiwa hakuna nafasi kinachobaki ni mwendo wa shida, nyoka anayesukuma pua kwenye kifuniko mpaka magamba ya mdomo yachubuke, na mwenye droo akasema ana nguvu.

Kuna mwendo mbaya zaidi ya huo. Baadhi ya chatu waliozalishwa kwa ajili ya rangi moja ya mistari myembamba huzaliwa na kichwa kinachotikisika na kupinda, wakishindwa kulenga mawindo. Mpwa wangu alionyeshwa mmoja akaambiwa ndiye mchangamfu kuliko wote. Nilimwomba asimnunue, na akanisikia.

Niliyopenda kumsimulia kuliko zote ni habari ya jike la mwisho la babu. Lililetwa na wanakijiji waliolikuta kwenye banda la kuku, wakamwita babu badala ya kuchukua mapanga, heshima aliyokuwa ameijenga kwa miaka. Kipupwe chote halikula. Agosti likaanza kuota jua pale dirishani kwa muda ambao hatukuwahi kuuona, na ngozi yake ikawa nyeusi kuliko kawaida. Septemba mifereji ikaanza: ukuta, ukuta, kona, shimo, ukuta. Babu alisoma asubuhi kadhaa. Kisha akasema shimo letu halijalitosha, linataka la kweli. Tulilibeba katika kilindo, yeye na wajukuu wakubwa, hadi msitu wa miombo uliokuwa umeanza kutoa majani mekundu, mahali alipojua pana mashimo ya muhanga kwenye kichuguu cha zamani. Alikuwa na kibali cha idara ya wanyamapori alichokitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na aliamini kwamba kibali hicho kilimpa kazi ya kuwatunza, si umiliki.

Sikujua tulilirudisha kwenye nini mpaka mwaka 2018, niliposoma kazi ya Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwa miaka saba aliwafuatilia kwa redio chatu wa miamba wa kusini, aina iliyoenea hadi kwetu Tanzania, katika hifadhi ya Dinokeng karibu na Pretoria. Majike yaliyotaga yaliingia kwenye mashimo ya muhanga, yakajizungusha kwenye mayai, yakatoka kuota jua mpaka mwili ukapita nyuzi 40, karibu na joto la kuua, kisha yakarudi kuyapa mayai joto hilo. Ngozi ilikuwa nyeusi ili ivute jua. Mayai yalipoanguliwa mama hakuondoka: kwa takribani wiki mbili watoto waliota jua mchana mdomoni mwa shimo na usiku wakalala ndani ya mikunjo yake. Katika muda huo wote, zaidi ya miezi sita, hakula, na alipoteza hata asilimia 40 ya uzito wake. Kwa sehemu kubwa ya muda huo mtu aliyepita pale angesema hasogei. Nilisoma makala ile barazani, nikamwona babu akiwa amepiga goti mchangani asubuhi ile ya Septemba, na nililia. Alikuwa ameona kazi kubwa kuliko zote anazofanya chatu ikianza, akaiachia nafasi yake.

Leo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka chatu nyumbani bila kibali, na kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje kulipigwa marufuku mwaka 2016. Ninaunga mkono sheria hizo. Ninachotamani ni kwamba vikundi vya ngoma vyenye vibali vitembelewe na watu wanaojua kusoma mchanga, si kuhesabu nyoka tu, na kwamba wazee Wayeye waliobaki kati ya Tabora na Shinyanga waulizwe juu ya nyoka kabla hawajaulizwa juu ya dawa. Dawa zao zina heshima yake, ila aliyeumwa na nyoka leo akimbizwe hospitali. Ujuzi wa mwenendo wa wanyama hawa hauna hospitali wala shule ya kuuhifadhi.

Desemba mpwa wangu alipiga tena, safari hii ana hofu ya kweli. Nyoka alikuwa hajala tangu Novemba. Rafiki zake walimshauri amfunue kinywa amsukumie panya. Nilimuuliza kama ni dume. Ni dume. Macho? Safi. Pumzi? Haikwaruzi. Usiku? Anazunguka sana. Nikamwambia achukue mizani ya jikoni, ampime mara moja kwa wiki, aandike, na asimguse kwa jambo lingine. Uzito ulishuka kidogo mno, kisha ukasimama. Januari ikapita, Februari ikapita, naye akanipigia kila Jumapili kunisomea namba. Machi akala panya mmoja, usiku, na mpwa wangu akanipigia saa ileile akitaka kumpa wa pili kwa furaha. Nikamwambia angoje wiki ipite, ahakikishe upande wa moto una joto lake, afunge mlango wa chumba, na akalale.